Mraba wa Mama Soksi

Miguu ya Mama Soksi ilijulikana mtaa mzima wa maduka, na si kwa uzuri. Ilijulikana kwa mbio. Alikuwa mwanamke mnene, wa kujaza mlango akisimama, lakini gari la halmashauri likichomoza tu kwenye kona ya benki, huyo, keshapotea, soksi zake zote mgongoni na hata jozi moja haijaanguka. Vijana waliouza miwani karibu naye walizoea kusema kwamba yule mama akipita mbio, upepo wake unafunua kurasa za magazeti. Hiyo ni chumvi, lakini si nyingi.

Siri ya mbio zile ilikuwa shuka. Kila mchuuzi wa mtaa ule alikuwa na shuka lake, na kila shuka lilikuwa na kamba nne, moja kila pembe, zilizokutana kwenye kitanzi kimoja. Ukikaa, kitanzi unakivaa mkononi kama bangili. Hatari ikija unasimama na kuvuta: pembe nne zinakutana, bidhaa zinaporomoka katikati, mzigo uko begani na wewe uko njiani. Shuka la Mama Soksi lilishonwa na mama mkwe wake, ambaye naye aliuza soksi mtaa huohuo mpaka magoti yalipomgomea.

"Kitanzi usikivue," alimwambia siku ya kumkabidhi. "Hata ukila. Hata ukicheka na mteja."

Palikuwa na desturi moja pia, ambayo hakuna aliyeifundisha kwa maneno, uliiona ukaielewa. Mwenzako akizidiwa katika mbio akaangusha mzigo, mzigo ule ni wa aliye karibu. Huulizi ni wa nani, wala hukumbuki kama mlinuniana asubuhi. Unaokota, unakimbia na yote miwili, jioni unamrudishia mwenyewe, naye anasema ahsante, yanaisha. Mama Soksi alishaokota mizigo ya watu aliokuwa hasemi nao. Alishaokotewa pia, mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka.

Aliyewakimbiza aliitwa Mrefu, askari wa halmashauri mwenye miguu kama ngazi. Kwa miaka yote ile yeye na Mama Soksi walijuana kwa nyuma: mama alimjua Mrefu kwa kishindo cha viatu, Mrefu alimjua mama kwa mgongo. Wangepangwa uso kwa uso kwenye foleni ya hospitali, pengine wasingetambuana. Siku hizi goti moja la Mrefu lilikuwa bovu, na alikimbia kwa kuchechemea, akipoteza watu kwenye kona ambazo zamani angewadaka.

Halafu halmashauri ikabadili mawazo. Walikaa kikao, wakakaa kingine, mwisho wakaja na ndoo ya rangi. Wakachora miraba ya njano pembezoni mwa njia ya waenda kwa miguu, upande mmoja tu wa mtaa. Mwenye mraba na kitambulisho kifuani atauza bila kuguswa na mtu. Asiye na mraba, gari litaendelea kumwinda kama kawaida. Mraba ni wa mtu mmoja na bidhaa yake, na ukikutwa mtupu saa za kazi anapewa mwingine. Walioandika hayo waliogopa watu wasije wakachukua miraba na kuipangisha, na tuseme ukweli, woga wao haukuwa wa bure.

Wachuuzi walikuwa wengi kuliko miraba, kwa hiyo ikapigwa kura: vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya ndoo ileile ya rangi, imeoshwa nusunusu. Mama Soksi alipanga foleni nyuma ya wifi yake, dada wa mumewe, aliyeuza mikanda. Waliishi nyumba moja, chumba kwa chumba, wakigombania sufuria na kupatana kabla chakula hakijaiva. Siku ile jua lilikuwa kali na miguu ya Mama Soksi ilikuwa imevimba.

"Pita mbele, wifi," dada yule akamwambia. "Ukazimie kivulini huko, usije ukanizimikia mimi bure."

Akampisha. Mama Soksi akatia mkono ndooni, akatoa kikaratasi chenye namba. Wifi akatia mkono baada yake, akatoa cheupe. Alikigeuza mbele na nyuma, kama vile namba huenda imejificha, kisha akacheka. "Haya bwana. Mwenye kiwanja mjini." Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja lile la kupishana. Na kwa kuwa halikutajwa, Mama Soksi alilala nalo na kuamka nalo.

Mraba wake ulikuwa mbele ya duka la viatu. Pahali pazuri, maana mtu anayetoka kununua viatu huwa ameona aibu ya soksi zake muda si mrefu. Mwenye duka, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa wenye maduka wote wa mtaa, hakuipenda miraba hata kidogo. Alisema mtaa umegeuzwa gulio. Alisema hayo kila asubuhi, mlangoni, huku akiwaambia wateja wake wakajaribishie viatu na soksi za yule mama pale nje.

Kukaa kulimpa Mama Soksi kazi. Mtu asidhani ni jambo rahisi. Mwili uliozoea kukaa upandeupande, tako moja chini na jingine tayari kwa safari, ulimuuma sasa alipoupumzisha wote. Alinunua kigoda. Alianza kwenda kazini na ndala, jambo ambalo mchuuzi wa mtaa ule asingelifanya hata akiwa na kidonda, maana ndala na mbio havikai nyumba moja. Alianza kuziona sura za wateja, siyo mikono yao tu. Lakini kitanzi alikivaa bado. Mkono bila kitanzi aliuona mtupu.

Wifi yeye aliuza ng'ambo ya pili, upande usio na rangi. Walionana vizuri kutoka pale walipokuwa, na walitupiana maneno ya mzaha juu ya vichwa vya wapita njia.

Siku ya ukaguzi wa kwanza, Diwani alikuja na wageni wake kuona majaribio yanavyokwenda. Alikuwa mama mmoja mfupi, mkavu, asiyependa kusubiri, na miraba ile ndiyo iliyompa maneno wakati wa kuomba kura. Mrefu aliwekwa kuwasindikiza. Walikuwa wameshafika mwanzo wa mtaa, miraba imejaa, vitambulisho vinang'aa vifuani, hata vijana wa miwani wamechana nywele.

Ndipo lori lililoleta mzigo wa duka la viatu likafungua ubao wake wa nyuma. Ubao ukaanguka kwa mlio wa bati, gwaa! Ule ule mlio wa ubao wa gari la halmashauri, askari wanaporuka chini.

Mama Soksi hakufikiri. Hata leo ukimuuliza atakwambia hakuwepo. Mkono wake ndio uliokuwepo. Mkono ukavuta, pembe zikakutana, mzigo ukapanda begani, na ndala zikabaki peke yake mrabani zikitazama duka. Fundi saa alipomwona Mama Soksi yuko hewani, naye akakumba saa zake. Vijana wa miwani wakafuata, muuza vitana akafuata, mtaa mzima ukatimua mbio, watu wenye vibali vya halali vikiwapigapiga videvuni.

Mrefu alishikwa na butwaa kwa nukta moja, kisha akafanya kosa lake. Akawafukuza.

"Rudini!" alipiga kelele, akichechemea nyuma yao. "Rudini nyie! Mna vibali!"

Nani alisikia maneno? Walisikia viatu. Kadiri Mrefu alivyokimbia kuwarudisha, ndivyo walivyozidi kuchanja mbuga, na kadiri walivyozidi ndivyo naye alivyoongeza mwendo, mpaka wote wakaishia nyuma ya soko la samaki, hoi, wamejikunja na kushika mbavu. Hapo ndipo Mama Soksi alipogeuka. Kwa mara ya kwanza alimwona Mrefu kwa karibu akiwa ameshika goti, jasho linamtiririka, na sura si ya mtu mbaya.

"Mama," Mrefu alisema, akitafuta pumzi. "Mnakwenda wapi?"

Mama Soksi akaushusha mzigo begani, akageukia njia ya kurudi.

Walirudi mmoja mmoja, wameinamisha vichwa. Diwani alikuwa amesimama katikati ya miraba mitupu, wageni wake wakitazama ndala za Mama Soksi kwa udadisi. Mwenye duka la viatu alikuwa na uso wa mtu aliyepata sikukuu katikati ya mwezi.

"Niliwaambia, Mheshimiwa," alisema. "Mtu asiye na kosa anakimbia nini?"

"Ni mazoea," alijibu Mrefu. "Hata mimi nimekimbia, Mheshimiwa. Na mimi ndiye niliyewagawia vibali."

Mgeni mmoja alicheka. Diwani hakucheka. Alisema atarudi Ijumaa, na gari la halmashauri lenyewe litapita siku hiyo likifanya kazi yake ya kila siku, wala hatamwambia mtu saa. "Nikikuta mraba mmoja mtupu," alisema, "mmoja tu, nakwangua rangi yote. Sina mtaa wa kuchekesha wageni."

Wachuuzi wakatazamana. "Aliyeanza ni nani?" fundi saa aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mimi," Mama Soksi alisema.

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walikubaliana tu kwamba kuanzia kesho hakuna kitanzi mkononi mwa mtu, na liwalo na liwe.

Jioni ile alikaa na mkasi sebuleni, akakata kamba moja baada ya nyingine. Mama mkwe alikuwa kitini pake, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama kazi ya mikono yake ikikatwa.

"Samahani, mama," Mama Soksi alisema.

"Samahani ya nini? Nilizishona ili siku moja zikatwe, ila sikudhani nitakuwepo kuona." Kikongwe yule akapangusa macho kwa ncha ya khanga na kudai kwamba ni moshi, wakati jiko lilikuwa limezimwa.

Wifi alikuwa mlangoni, akipaka mafuta mikanda yake. "Mimi nina swali moja," alisema. "Siku zote gari likija nakuona wewe unanyanyuka, nami nanyanyuka. Sasa mkikaa wote kama mko ukumbini, mimi nitajuaje?"

Alisema kwa utani, na Mama Soksi alicheka. Kisha mkasi wake ukasimama kwenye kamba ya mwisho kabla hajaikata.

Ijumaa ikafika. Mama Soksi alikaa kwenye kigoda, tako lote, ndala miguuni, mikono miwili juu ya magoti. Diwani alikuwa amekwisha kuja, yuko mlangoni mwa duka la viatu pamoja na mwenye duka, nyuma ya Mama Soksi kabisa, kiasi cha kusikia pumzi yao. Ng'ambo ya pili wifi alikuwa amewapa mgongo, amemzungushia mteja mkanda kiunoni na anamsifia tumbo.

Gari la halmashauri likachomoza kwenye kona ya benki.

Mtaa mzima uliliona na mtaa mzima ukakaa. Fundi saa alifumba macho. Kijana mmoja wa miwani alishika mkono wa mwenzake kama mtoto anayechomwa sindano. Mama Soksi aliliona, na papo hapo akaona mgongo wa wifi yake, ambao haukuwa umeona kitu. Mdomo wake ulifunguka. Neno lilikuwa tayari, jepesi, "wifi!" tu, na mtaa wote ule wa watu waliokaa ulikuwa unamsikiliza asilitoe. Alifunga mdomo.

Ubao ukaanguka, gwaa! Wifi akageuka. Alivuta kitanzi na mteja akabaki na mkanda kiunoni, amepata wa bure. Lakini mikanda ni mizito, siyo soksi, na askari wawili vijana walikuwa wamesharuka chini, Mrefu akiwafuata kwa kuchechemea. Wifi alikata barabara katikati ya magari, akaja moja kwa moja kuelekea kwenye miraba. Alikuwa amezidiwa, Mama Soksi alilijua hilo kabla yeye mwenyewe hajalijua. Alifika mbele ya mraba, akamtazama wifi yake machoni, akaachia mzigo, akapotea kwenye kichochoro cha duka la vitabu, mwepesi, mikono mitupu.

Mzigo ulianguka nje ya mstari wa njano. Si mbali. Hatua moja ya mtu mzima.

Mzigo ni wa aliye karibu. Mama Soksi alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Aliuona mkono wake wa kulia ukiinuka kutoka gotini, na akaukamata kwa wa kushoto. Nyuma yake Diwani alikohoa. Aliwaza miraba yote ile, fundi saa, vijana wa miwani, rangi ikikwanguliwa kwa sepetu, na macho ya watu yakimgeukia mara ya pili. Aliyawaza yote hayo, na yote yalikuwa kweli. Chini yake lilikuwepo jingine, dogo na la aibu: alikipenda kigoda chake.

Akakaa.

Askari vijana walipita mbio kumfuata wifi kichochoroni, bila kuangalia chini. Mrefu ndiye aliyefika mwisho. Alisimama juu ya ule mzigo, akautazama, akamtazama Mama Soksi. Miaka yote ile alikuwa ameiona desturi yao kutoka nyuma, akiilaani, maana ilimkosesha ushahidi kila siku. Aliinama taratibu, goti likimuuma mpaka akauma meno, akauokota. Akaupitisha juu ya mstari na kuuweka pembeni ya soksi.

"Mama," alisema, "mzigo umekaa vibaya hapa. Watu watajikwaa."

"Vipi yule?" Diwani aliuliza kutoka mlangoni.

"Amekimbia, Mheshimiwa. Hana kitu mkononi."

Ilikuwa kweli tupu. Diwani akatikisa kichwa, akatembea miraba yote mpaka mwisho, akarudi akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu. Watu wakapiga makofi. Kijana wa miwani alilia waziwazi. Hata mwenye duka la viatu alisema, kwa tabu, kwamba leo wamekaa kama watu. Mama Soksi alipiga makofi pamoja nao na hakuisikia mikono yake.

Jioni aliingia nyumbani na mizigo miwili. Wifi alikuwa jikoni, kifundo kimechubuka, anamenya vitunguu na kumsimulia mama mkwe jinsi alivyowaponyoka wale vijana chupuchupu kwa kupitia choo cha duka la vitabu. Alipouona mzigo wake alitupa kisu akaukumbatia.

"Ahsante, wifi! Mama, si nilikwambia? Nilikuwa nimekwisha, nikamwona yeye, nikasema basi, hapa mzigo umefika."

Ahsante ilikuwa imesemwa. Kwa desturi, yalikuwa yameisha. Mama Soksi angeweza kuvua ndala, kuchukua kisu na kuendelea na vitunguu.

"Sikuokota mimi," alisema.

"Acha utani wako."

"Nilikaa, wifi. Uliangukia karibu yangu, nikakaa. Mrefu ndiye aliyeuokota." Akashusha soksi zake chini. "Na gari nililiona mapema. Kabla yako. Sikukuita."

Mama mkwe aliangalia ndoo iliyo chini ya miguu yake. Wifi akaiweka mikanda chini polepole, kama kitu ambacho kingeweza kuvunjika.

"Mrefu," alisema. "Huyu Mrefu wetu?"

"Huyuhuyu."

"Kwa hiyo yeye sasa ni mwenzetu." Aliokota kisu, akarudi kwenye vitunguu. Alimenya kimoja mpaka mwisho ndipo akauliza, bila kuinua uso: "Na wewe?"

Asubuhi Mama Soksi aliondoka kabla ya wote. Alifika mtaani wakati maduka yanafungua vyuma vyake. Alikunja shuka la mama mkwe mara mbili, likawa dogo, akalitandika upande mmoja wa mraba, akapanga soksi kwa kubananabanana, za watoto juu ya za wakubwa. Kigoda alikisogeza ukingoni, karibu na mstari. Upande wa pili aliuacha wazi, wa kutosha shuka la mikanda, akaufagia.

Mrefu alipita mapema, akianza zamu. Alisimama. Alitazama soksi zilivyorundikana, akatazama ule upande uliofagiwa.

"Hapa pametokea nini, mama?"

"Pana mtu, afande."

"Mimi sioni mtu."

"Anakuja. Akitaka kuja."

Mrefu alijikuna shingoni. "Unaijua sheria. Mraba ni wa mtu mmoja. Wakiniuliza, sitaweza kukuokotea hili."

"Najua," Mama Soksi alisema. "Hili ni langu mwenyewe."

Akavua ndala, akazisukuma chini ya kigoda, akakaa na kutazama kona ya benki, safari hii akimngojea anayekuja.